Kosa Lililomo Kwenye Neno "Pacha"

Msemo "uraia pacha" umezoeleka kiasi kwamba hatuusikii tena. Unatajwa bungeni, unaandikwa magazetini, unarudiwa kwenye kila mkutano wa Watanzania waishio nje, na pande zote za mjadala zinautumia kana kwamba wenyewe hauna upande. Mimi naona una upande. Pacha ni watu wawili. Kulwa akiugua, Doto anaweza kuamka mzima. Kulwa akioa Mwanza, Doto anaweza kubaki kapera Shinyanga. Ukisema mtoto ana uraia pacha, sikio linasikia kuna wawili pale, na akili inaanza kuuliza yupi wa kweli, yupi alitangulia kutoka tumboni, na yupi anapaswa kuondoka. Lakini mtoto ni mmoja. Vilivyo viwili ni vijitabu.

Wakenya mara nyingi husema "uraia wa nchi mbili". Naona msemo huo una uaminifu zaidi, kwa sababu unahesabu nchi na kumwacha mtu abaki mzima. Sidai kwamba msemo ndio ulioleta sheria. Hata hivyo Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi nyingine, na sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima. Nani ajuaye maneno yamechangia kiasi gani?

Nina sababu ya kuhangaika na msamiati huu. Binti yangu ana miaka 16. Mimi ni Mtanzania, baba yake ni Mjerumani, naye alizaliwa Ujerumani. Ana pasipoti ya buluu ya Tanzania na nyekundu iliyokolea ya Ujerumani, na sheria ya Tanzania inamvumilia nazo zote mbili mpaka atimize miaka 18. Kwa miaka hii yote nimekuwa msomaji wa vijitabu vyake, wa fomu zake, na wa vifungu vinavyomhusu. Nimefikia kuamini kwamba maandishi haya yanastahili kuhakikiwa kwa makini ileile tunayowapa washairi. Yamewaamulia watu mengi kuliko riwaya yoyote.

Tuanze na kijitabu chenyewe. Umbo la pasipoti tunalolijua lilianzia kwenye mkutano wa Paris wa 1920, chini ya Shirikisho la Mataifa, uliopendekeza kijitabu cha namna moja kwa nchi zote. Leo vipimo vyake hutolewa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kwenye waraka namba 9303. Ukurasa wa picha umeandikiwa wasomaji wawili. Sehemu ya juu ni ya binadamu: jina, tarehe, mahali pa kuzaliwa. Chini kuna mistari miwili yenye nafasi 44 kila mmoja, ambayo ni ya mashine. Mistari hiyo haivumilii nafasi tupu; kila pengo hujazwa alama ya mshale. Haivumilii pia herufi yenye vitone.

Jina la ukoo la binti yangu lina ü. Kwenye sehemu ya juu ya pasipoti ya Ujerumani vitone vyake vipo. Kwenye mistari ya mashine ü imegeuka UE, kama kanuni zinavyoelekeza. Kwenye pasipoti ya Tanzania ni U peke yake, kwa sababu ndivyo fomu ilivyojazwa. Kwa jicho la mashine, basi, kuna wasichana wawili waliozaliwa siku moja, mji mmoja, na majina yao yanapishana kwa herufi moja. Hapa ndipo neno "pacha" linapopata ukweli wake, na si kwa sababu mtu ana mioyo miwili. Mfumo wenyewe umemzaa Doto. Mzazi mwenye hali kama hii hujifunza haraka kwamba jina kwenye tiketi lazima lifanane na pasipoti itakayoonyeshwa kaunta ya ndege, na kwamba nakala ya cheti cha kuzaliwa ndiyo pekee inayoweza kuwaunganisha Kulwa na Doto wakawa mtoto mmoja tena.

Sasa tazama kilichoachwa. Kwenye ukurasa ule wa picha hakuna mama wala baba. Pasipoti inajua urefu au rangi ya macho ya mtu, inajua mji aliozaliwa, lakini haijui nani aliyemzaa. Haikuwa hivyo daima. Zamani mtoto aliweza kuandikwa ndani ya pasipoti ya mzazi, mstari mmoja tu, bila picha. Umoja wa Ulaya uliufuta utaratibu huo: tangu 26 Juni 2012 kila mtoto anayesafiri anatakiwa kuwa na hati yake mwenyewe. Sababu ilikuwa nzuri. Mstari usio na picha ungeweza kumvusha mtoto yeyote mpakani, hata aliyeibwa. Sitaki turudi huko. Lakini msomaji lazima aone kilichotokea: uhusiano umetolewa kwenye kitabu, ukahamishiwa kwenye makaratasi ya pembeni.

Afrika Kusini ilionyesha jambo hili wazi kuliko nchi nyingine. Kuanzia 1 Juni 2015 ilidai kila mtoto anayepita mipaka yake awe na cheti kamili cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, na mzazi anayesafiri peke yake alete ridhaa ya mwenzake. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuzuia usafirishaji haramu wa watoto. Sekta ya utalii ililalamika, masharti yakaja kulegezwa. Ukiyasoma masharti yale kama mhakiki, utaona nchi inajaribu kurudisha kwa karatasi ya pili kile ambacho pasipoti ilikuwa imeacha kukisema.

Mimi na binti yangu hatuna jina moja la ukoo, kwa hiyo tunasafiri na faili. Ndani yake mna cheti cha kuzaliwa, tafsiri yake, barua ya ridhaa ya baba iliyothibitishwa, na nakala ya pasipoti ya baba. Kwenye kiwanja kimoja cha ndege, akiwa na miaka saba, afisa aliyaweka makaratasi yote pembeni, akamwinamia, akamuuliza mimi ni nani. Mtoto alinitazama kwanza, kama anayetafuta jibu sahihi. Nilielewa siku ile kwamba swali la kawaida kabisa, likiulizwa na mtu mwenye sare, linaweza kumfanya mtoto ashuku jambo ambalo hajawahi kulishuku.

Utendaji wa safari yenyewe una kanuni moja: kila nchi ionyeshwe pasipoti yake. Ikisemwa hivyo inaonekana rahisi. Ugumu ni kwamba msomaji wa kwanza wa pasipoti si dola bali shirika la ndege. Mhudumu wa kaunta pale Frankfurt hana mamlaka ya uhamiaji, lakini shirika lake likimbeba abiria asiye na viza litatozwa faini na kulazimika kumrudisha, kwa hiyo anasoma kwa ukali. Akiona nyekundu peke yake atauliza viza ya Tanzania iko wapi. Tunatoa ya buluu. Kwa polisi wa mpaka wa Ujerumani tunarudi kwenye nyekundu. Dar es Salaam ni buluu. Angeingia kwa nyekundu angelipa dola 50 za viza ya kawaida, akagongewa siku 90, na kwa bibi yake angelala kama mtalii anayehesabiwa siku.

Kurudi ndiko kuna fundisho. Shirika la ndege linataka nyekundu, kwa sababu ile ya buluu haina viza ya Ulaya. Uhamiaji wa Tanzania wanataka buluu, kwa sababu nyekundu haina muhuri wa kuingia nchini. Afisa anafungua ya buluu, anapekua, haoni viza, anauliza, "Unaendaje huko bila viza?" Hapo hakuna ujanja. Pasipoti ya pili lazima itoke. Binti yangu anaziweka zote mbili juu ya kaunta, afisa anaangalia tarehe ya kuzaliwa, anagonga muhuri.

Kuna ushauri unaozunguka miongoni mwa wazazi: usionyeshe zote mbili, ficha moja kwenye mkoba, jibu kwa kifupi. Nauona ni ushauri mbaya, na si kwa sababu za adabu tu. Chanzo chake ni watu wazima wenye pasipoti ya pili kwa siri, ambao wana sababu halisi ya kunong'ona. Minong'ono yao imegeuka kuwa maelekezo kwa watoto ambao sheria haijawakataza chochote. Mtoto mwenye haki ya kuweka vijitabu viwili mezani akifundishwa kuficha kimoja, anajifunza kwamba nusu ya familia yake ni kosa. Atalijua hilo kabla hajajua kifungu chochote cha sheria, na halitamtoka hata sheria ikibadilika kesho.

Lakini minong'ono ile haikutoka hewani. Imetoka kwenye Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995, na hii nayo ina lugha yake. Inatambua uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajinisi. Binti yangu ni raia wa kurithi, kwa sababu alizaliwa nje na mzazi mmoja Mtanzania. Neno "kurithi" ni zuri, lakini tulipime. Kwa kawaida mtu hurithi kilichokuwa cha mwingine, na kikishagawiwa kinakuwa chake. Urithi huu una masharti mawili ambayo mirathi ya kawaida haina. Kwanza, hauvuki zaidi ya kizazi kimoja nje ya nchi: mtoto wa binti yangu akizaliwa nje, na asiwe na mzazi mwingine mwenye uraia usio wa kurithi, hataupata. Pili, mrithi akifika miaka 18 anadaiwa aukane uraia mwingine na ale kiapo cha utii, la sivyo urithi unakoma.

Miaka 18 ndio umri wa kupiga kura. Kabla ya hapo uraia wa mtoto ni msamaha wa viza na foleni fupi zaidi pale uwanjani. Ni siku unapoanza kuwa na uzito, siku anapoweza kuchagua diwani na kuhoji bajeti, ndipo unawekewa sharti. Nchi imempa mtoto sehemu nyepesi ya uraia, na sehemu nzito imeiwekea bei.

Ujerumani haikuwahi kumtaka mtoto wa aina yake achague, na tangu 27 Juni 2024 hata mtu mzima anayeomba uraia wa Ujerumani halazimiki kuacha wa kwanza. Kwa hiyo uchaguzi wote unakuja kutoka upande wetu, na ni haki kuusikiliza upande wetu kwa nguvu zake zote kabla ya kuupinga. Tanganyika ya 1961 ilikuwa na wakazi wenye hati za kikoloni, wenye hati za Uingereza, wenye jamaa na mali ng'ambo. Taifa changa lilitaka kujua nani atabaki mambo yakiharibika. Hata leo kuna hofu ya kweli ndani ya hoja ile: mtu anayefanya uamuzi wa nchi huku ana mlango wa nyuma haonji matokeo kama asiye nao. Wala fikra hii si ya Tanzania peke yake. Mkataba wa The Hague wa 1930 ulianza na matumaini kwamba kila mtu awe na uraia, na awe na mmoja tu. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo inautaja uraia wa Kongo kuwa mmoja usiochanganyika na mwingine. Na neno letu "raia" lina mizizi kwenye Kiarabu, ambako lilihusu kundi linalochungwa. Mchungaji hapendi ng'ombe mwenye chapa za mazizi mawili.

Mkataba uleule wa 1930 una jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: nchi haiwezi kumtetea raia wake kidiplomasia dhidi ya nchi nyingine ambayo naye ni raia wake. Binti yangu akipata matatizo na mamlaka za Tanzania, ubalozi wa Ujerumani hauna nguvu ambayo ungekuwa nayo kwa Mjerumani mtupu. Wanaosema uraia wa nchi mbili ni kula kotekote hawajausoma mstari huo. Mwenye nchi mbili anapoteza kinga ya kila moja akiwa ndani ya nyingine.

Methali inayopendwa kwenye mjadala huu ni "mshika mbili, moja humponyoka". Ni methali nzuri iliyopelekwa mahali pasipo pake. Inamzungumzia mtu aliyenyosha mkono, akashika, akatamani tena, akashika. Mtoto hakushika. Alizaliwa mikono ikiwa imejaa, na anayemwambia aachie moja ni mtu mzima aliyesimama mbele yake. Hoja ya mlango wa nyuma inaweza kumfaa mwanasiasa. Nchi inaweza kukataza uraia wa pili kwa wanaogombea ubunge au kushika nafasi za ulinzi na bado isimguse msichana wa kidato cha nne. Serikali ya Tanzania imechagua njia nyingine, ya hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje. Ni hatua, na itawapunguzia wengi gharama na usumbufu. Lakini tazama neno "asili". Linamtambua mtu kwa alikotoka. Kura ni jambo la anakokwenda, na hadhi hiyo haina kura.

Kama ningeulizwa ni maandishi gani bora yaliyowahi kuandikwa Afrika kuhusu kusafiri na mtoto wa nchi mbili, nisingetaja riwaya. Ningetaja hati ya kiapo ya Unity Dow. Alikuwa mwanasheria wa Botswana aliyeolewa na Mmarekani. Sheria ya uraia ya nchi yake ya 1984 ilimpa mtoto wa ndoa uraia wa baba. Mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa kabla ya ndoa, alikuwa raia wa Botswana. Wawili waliozaliwa ndani ya ndoa hawakuwa. Ndugu wa nyumba moja, mama mmoja, na wawili wakaishi nchini kwa kutegemea kibali cha ukaazi cha baba. Mahakama Kuu ilimpa ushindi 1991, Mahakama ya Rufani ikathibitisha 1992 kwa majaji watatu dhidi ya wawili, na sheria ikarekebishwa 1995. Mwaka huohuo nyaraka za kesi zilitoka kama kitabu, *The Citizenship Case*. Baadaye Dow akawa jaji, mwandishi wa riwaya, na waziri.

Ninachokipenda kwenye hati ile ni kwamba haina malalamiko. Hati ya kiapo hairuhusu sitiari. Kila sentensi lazima iwe jambo ambalo mtu anaweza kuliapia. Dow anaeleza ndoa, tarehe za kuzaliwa, kibali, na kitakachotokea kibali kisipohuishwa. Msomaji anafika mwisho akiwa na hasira ambayo mwandishi hakumwomba aiwe nayo. Sisi wenye kuandika insha za maisha halisi tunajisifu kwamba tunatafuta ukweli kwa ufundi wa hadithi. Mwanamke huyu aliupata ukweli kwa kuuvua ufundi wote, na akashinda watoto wake wawili kurudi kwenye nchi waliyokuwa wanaishi.

Kwa Kiswahili sijakutana na maandishi yenye uzito huo kuhusu jambo hili. Tuna hadithi za waliozamia, za waliorudi, za pasipoti zilizopotea. Siku ya kuzaliwa ya kumi na nane, mtoto akiwa amekaa mezani na fomu, bado naisubiri. Na mwandishi atakayeiandika atagongana na kitenzi kimoja ambacho sheria yetu imekichagua: kukana. Kuna maneno laini zaidi. Mtu huacha kazi, hurudisha uongozi, huaga nyumba. Kukana ni kitu kingine. Anayekana anasema jambo halipo, au halikuwahi kuwapo. Mwizi hukana. Baba asiyetaka kulea hukana mimba. Tunamtaka msichana anayempenda baba yake akane, kwa maandishi, kitu ambacho kila asubuhi kinamtazama kwenye kioo. Watakaosema ni neno tu la kisheria, na lisichukuliwe hivyo, wamesahau kwamba kiapo huliwa kwa maneno na si kwa nia iliyo nyuma yake.

Binti yangu amenijulisha kwamba anataka kupiga kura Tanzania. Anataka pia kusoma Leipzig, karibu na babu yake aliyezeeka. Hajaniuliza achague ipi, nami sitamwambia. Nimempa Sheria ya Uraia yenyewe, vifungu vichache, na kamusi, nikamwomba aisome kabla hajasoma makala hii. Amefika kwenye kifungu cha saba, na ameanza kuandika pembeni kwa penseli.